Dawa ya Heshima

Goma, Mapendo, 14 Machi 2025

Shangazi yangu Kuluthumu,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani Kasongo, na kwamba goti lako limepunguza ukorofi. Sisi tuko hai. Nyumba haikupigwa siku zile za mapigano ya Januari, isipokuwa bati moja la jikoni lililotobolewa na risasi, nasi tumeliziba kwa lami. Baba anakusalimu. Yuko Munigi anauza makaa, kwa sababu duka la vitambaa walilipora lote, hata mita ya kupimia hawakuiacha.

Aruna naye anakusalimu. Lori la tajiri wake lilichukuliwa na halijarudi, kwa hiyo yuko nyumbani kila siku. Unakumbuka zamani alikuwa akienda Butembo siku kumi, siku kumi na mbili, akirudi anapumzika tatu anaondoka tena. Majirani wananipongeza kwamba vita vimenipa mume wa kukaa naye. Wangejua wangenyamaza.

Shangazi, inauma. Inauma tangu asubuhi ile uliyonitoa chumbani ukapiga vigelegele. Kwa miaka miwili sikukuambia, maana ni wewe uliyenifundisha kwamba ya chumbani hayatoki. Zamani nilikuwa napata siku kumi za kupona kabla hajarudi safari. Sasa hakuna siku ya kupona. Akinikaribia tu najibana bila kutaka, miguu inakuwa kama si yangu, na akiingia ni wembe juu ya kidonda. Juzi nilimsukuma. Alikaa ukingoni mwa kitanda ananitazama, akaniuliza, "Jamila, kuko mutu mwingine?"

Nikamwambia, "Hapana, haiko vile."

"Basi iko namna gani?"

Niligeukia ukuta. Mama yake anampigia simu kutoka huko kwenu, anamwambia mwanamke wa miaka miwili asiye na mimba wala raha si mke, atafute wa pili. Nampenda Aruna, Shangazi, nalisema hili bila haya. Sitaki kugawana naye na mtu.

Ule unga ulionipa unaelekea kuisha. Nauweka kila siku kama ulivyonionyesha, asubuhi na magharibi, kijiko kidogo. Labda ninaweka kidogo mno. Nitumie mwingine, na kama upo ulio mkali zaidi nitumie huo. Usinipigie simu, Aruna ndiye huipokea, na kuta zetu za mbao unazijua. Barua hii nampa Mama Bénita, anayepitia Uvira kwenda huko kununua mchele.

Mtoto wako,
Jamila


Kasongo, 2 Mei 2025

Jamila mwanangu,

Waaleikum salaam. Barua yako imetembea wiki saba na imefika inanuka samaki wa Uvira, nimeianika juani kabla ya kuisoma. Goti haliumi tena, limehamia kiunoni. Mchele umetoka vizuri sana mwaka huu, kila mtu anao, kwa hiyo hakuna wa kumuuzia. Mwambie kaka yangu asione haya kuuza makaa. Babu yenu alianza na chumvi ya kupima kwa kijiko.

Sasa tuje kwako. Nimewafunda wasichana arobaini na mmoja katika mji huu na hakuna hata mmoja aliyerudishwa kwao. Hakuna. Wewe nilikufunda siku saba badala ya tano kwa sababu ni damu ya kaka yangu, na leo ndiwe unayeniandikia mambo ya kitoto. Siku ya tatu nilikuambia nini? Mke aliyelowa, mumewe humwona ni njia waliyoipita wengi. Ndiyo maana tunaweka dawa ya heshima, shabu iliyosagwa na gome langu, ili akukute mkavu na umebana kama siku ya kwanza. Unasema inauma. Inamuuma kila mwanamke. Kulalamika kwamba inauma ni kulalamika kwamba dawa inafanya kazi.

Kosa lako ni kumsukuma. Uma mkono wako, uma mto, tazama dari, lakini mume hasukumwi.

Umeomba mkali zaidi. Nimekusagia mwenyewe, mafungu mawili ya shabu kwa moja la gome. Weka mara tatu kwa siku na usipunguze. Mama yake Aruna nilikutana naye sokoni. Alinisalimu vizuri, akaninunulia na ndizi, tukazungumza ya kawaida.

Barua hii ukishaisoma itie motoni.

Shangazi yako


Goma, Mapendo, 28 Juni 2025

Shangazi,

Asalaam aleikum. Baba hajambo, amepata kikohozi cha vumbi la makaa lakini anakataa kupumzika. Mvua imeacha. Maji ya bomba yamekatika tena, tunachota ziwani na kuyatia dawa kwa sababu ya kipindupindu. Aruna bado hajapata kazi.

Kifurushi chako kilinifikia tarehe tano. Nilifuata ulivyosema, mara tatu kwa siku. Siku ya sita nilikuwa nafua, nikaona maji ya beseni yamekuwa mekundu, nikadhani ni kitenge kinachotoa rangi. Haikuwa kitenge. Jirani yangu Bénédicte, mama mmoja wa Masisi tunayeishi naye parseli moja, ua mmoja, ndiye aliyenipandisha pikipiki hadi kituo cha afya huko Keshero. Nisingekwenda kwa hiari yangu.

Unajua Goma ilivyo. Mwanamke akisema tu kwamba anaumwa pale, wanafunga mlango, wanashusha sauti, wanatoa fomu. Wameona mengi mno. Muuguzi anaitwa Sylvie, mtu mzima, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinishika mkono akasema, "Mama, usiogope. Ni nani alikufanya hivi? Ni askari? Ni mutu unamujua?"

Nikasema hakuna aliyenifanya kitu.

"Bote banasemaka vile ku mwanzo," akanijibu taratibu, na kalamu akaiacha imesimama kwenye mstari wa jina.

Shangazi, nilikuwa na jina mdomoni, na lilikuwa lako. Nililimeza.

Alinipima polepole, akinieleza kila anachotaka kufanya kabla hajakifanya, na nilipomwambia asubiri alisubiri. Akaniambia ngozi ya ndani imeungua, kuna vidonda vipya juu ya makovu ya zamani. Akauliza ninatia nini. Nilikuwa na kipakiti chako kwenye fundo la kanga, nikampa. Alinusa, akagusa kidogo kwa ulimi. "Njo shabu hii," akasema. "Ile banyozi banapakaaka batu ku ndevu. Mama, umechoma mwili yako siku zote hizi?"

Nakuandikia alivyonieleza, kwa sababu hakuna aliyewahi kunieleza. Yale maji niliyofundishwa kuyaonea aibu ndiyo yanayomlinda mwanamke. Mwili huyatoa wenyewe ukiwa umetulia na unataka. Ukiyakausha, ngozi inachanika kila mara. Na mwili ukishazoea kuumizwa, misuli ya pale hujifunga kabla hata haujaguswa, kama jicho linavyofumba mtu akilinyooshea kidole. Hakuna anayeliamuru jicho. Kwa hiyo mimi sikuwa mkaidi, Shangazi, wala sikuwa na mtu mwingine. Nilikuwa nimefumba. Alisema pia si kila mwanamke anayeumia ana shabu ndani. Wako wenye uvimbe tumboni, wenye maambukizo, walioshonwa vibaya walipozaa, na wale waliofanyiwa ukatili kweli. Ndiyo maana alinipima damu na mkojo na hakukisia. Ila alisema jambo moja mara mbili, kwamba kuuma si ada ya ndoa, kuna chanzo, na chanzo kinatafutwa.

Amenipa vidonge vya siku kumi na mafuta ya kupaka. Unga basi, sabuni ya ndani basi, naoga nje kwa maji matupu. Wiki sita nisilale na mume. Baadaye kuna mazoezi ya kupumua, ya kukaza misuli ile na kuiachia, kisha kidole changu mwenyewe na jeli, taratibu, mpaka mwili uamini kwamba hauumizwi. Na akasema Aruna aje siku moja tuelezwe pamoja.

Aruna hakuja. Nilimweleza mwenyewe, nyuma ya nyumba tukianika nguo. Alibana shati kambani, kisha akasema, "Mi sikukuombaka ukauke. Hata siku moja." Halafu akasema, "Miaka mbili ulikuwa unanidanganya na uso." Tangu siku hiyo analala sebuleni.

Naomba mambo mawili. Usimpe msichana mwingine unga huo. Na unijibu kwa kweli. Ulipokuwa na marehemu mumeo Mzee Useni, ilikuwa inakuuma?

Jamila


Goma, Mapendo, 7 Septemba 2025

Shangazi,

Asalaam aleikum. Sijapata jibu lako. Mama Bénita anaapa alikupa barua ya Juni mkononi, ukamkaribisha na uji, kwa hiyo sielewi. Labda umenikasirikia. Baba kikohozi kimepungua. Bénédicte amejifungua mtoto wa kike, wamemwita Gradi.

Nimepona vidonda. Mazoezi nayafanya kila siku Aruna akitoka, mwanzoni nilikuwa naona aibu hata ya ukuta. Mwezi wa nane, tarehe kumi na saba, yeye mwenyewe alirudi chumbani. Nilimwambia tukianza nikisema simama, asimame. Alisimama mara mbili. Iliuma kidogo, kisha haikuuma. Shangazi, haikuuma. Nililia, naye akaogopa akidhani ameniumiza, ikabidi nicheke huku nalia ili anielewe. Nina miaka ishirini na sita na ndiyo mara ya kwanza kujua kwamba inawezekana.

Siku tano baadaye aliniambia mama yake anaumwa sana, akaondoka kuja huko. Alikuwa amenyong'onyea, hakutaka hata nimfungie chakula cha njiani. Tafadhali nenda ukamwone mama yake kwa niaba yangu, na Aruna mwambie namngoja. Nimepaka rangi chumba.

Jamila


Kasongo, 3 Oktoba 2025

Jamila,

Leo sina habari za mchele.

Mama yake Aruna haumwi. Aruna alifunga ndoa hapa Ijumaa, tarehe kumi na mbili Septemba, na binti anayeitwa Feza, wa miaka kumi na tisa, mtoto wa fundi cherehani wa karibu na msikiti. Mahari mama yake alikuwa amekwisha kuitoa tangu mwezi wa sita. Aruna alipofika alikuwa kama mtu aliyeitwa mahakamani. Alisema kwa mama yake nilipokuwepo kwamba mkewe amepona na yeye hataki tena mke wa pili. Mama akamjibu kwamba mahari haitapikwi. Akavaa kanzu, unamjua, si mtu wa kupiga meza.

Feza nilimfunda mimi.

Siku ile ya ndizi mama yake Aruna hakuzungumza ya kawaida. Aliniita kwa jina la ukungwi wangu, "Somo, ule wa kwanza ilikataa. Huyu umufunde wewe mwenyewe, batu basiseme kosa ni yako." Nilikubali pale pale, ndizi mkononi. Kama ningekataa mji mzima ungeuliza kwa nini, na jibu lingekuwa wewe. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalinda jina langu.

Barua yako ya Juni niliipata tarehe ishirini na tisa Julai. Naitaja tarehe ili usinitafutie udhuru kwamba ilipotea njiani. Niliisoma mara nne. Ilikaa chini ya godoro langu mwezi mzima, nikijua kila neno lililomo. Na siku ya tatu ya kumfunda Feza, nilimpa unga. Mafungu mawili kwa moja, kama wako. Mkono wangu ulikuwa unasaga na kichwa changu kinasoma barua yako. Nikikubali kwamba ni kidonda nilichokuwa nagawa, basi wale arobaini na mmoja nifanye nini nao? Wengine ni bibi sasa. Wengine wamewafunda mabinti zao kama nilivyowafunda. Sikuweza, Jamila. Ilikuwa rahisi zaidi kusaga.

Uliniuliza kuhusu Useni. Ndiyo. Miaka ishirini na saba. Alikuwa mtu mwema, alikuwa akibisha hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe. Nami nikisikia hodi ile naanza kukaza meno. Alikufa akiamini kwamba nina moyo wa baridi, na mara moja tu aliniuliza amenikosea nini. Nilimwambia alale. Nilipofiwa nililia kama wajane wote, lakini nilipomaliza eda na kulala peke yangu kitanda kizima, nilisikia nafuu, na nafuu hiyo ndiyo aibu kubwa kuliko zote nilizonazo. Hakuna anayeijua ila wewe sasa.

Msamaha sikuombi, sijui ningeuomba kwa maneno gani. Wataondoka huku wiki ijayo. Unga wake umo kwenye sanduku la bati, ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya kanga. Barua hii nampa dereva Bienvenu anayetoka kesho, labda itawatangulia.

Kuluthumu


Goma, Mapendo, 23 Novemba 2025

Shangazi,

Asalaam aleikum. Barua yako haikuwatangulia. Wao walifika tarehe nane mwezi huu, barua ikafika tarehe kumi na tisa, Bienvenu alikwama Kabambare gari likiwa bovu. Baba amejua habari zote na amekataa kuja hapa. Amesema akija atasema neno ambalo halitarudi.

Nilikuwa nimepika. Nilisikia mlango, nikatoka na mikono ina unga wa muhogo, nikamwona Aruna, na nyuma yake msichana amebeba sanduku la bati kichwani. Sitakueleza siku hiyo. Aruna alilia, mimi sikulia. Feza yuko chumba cha nyuma ya jikoni. Ananiita Dada, anaamka kabla yangu, anafagia, anachota maji. Nilikuwa nikimchukia mpaka nyayo zake.

Sasa nikuambie ya kwangu, kwa kuwa umeniambia ya kwako. Siku ya tatu nilimwona anamenya mihogo amekaa upande mmoja wa kiti, uzito wote juu ya paja la kushoto. Anaposimama anashika kwanza ukuta. Akienda chooni anakaa muda mrefu na anatoka macho mekundu. Hakuna mtu katika parseli hii aliyeelewa ila mimi. Nilielewa mara moja, Shangazi, sikuhitaji barua yako. Na nilifurahi. Nilisema moyoni, acha naye aonje, akimchosha Aruna atarudishwa kwao. Siku nane nilimtazama akiumia nikanyamaza. Mimi niliyekuandikia kwa ujasiri usimpe mwingine. Nilipoisoma barua yako nilitaka kukutukana, na sikuweza, kwa sababu nilikuwa nimefanya lile lile.

Siku iliyofuata nilikwenda chumbani kwake Aruna akiwa ametoka. Nikamwambia, Feza, najua unaumwa, najua ni kwa nini, nami niliumwa miaka miwili. Nikamweleza yote, shabu, vidonda, muuguzi wa Keshero. Nikamwambia tupande pikipiki pamoja leo hii, nitalipa mimi.

Alinisikiliza ameinamisha kichwa, kwa adabu, kama ulivyotufundisha. Kisha akasema, "Dada, ya chumba haitokake. Somo alisema kama inauma, njo dawa inatumika." Nikamwambia Somo ni shangazi yangu, ameniandikia kwamba amekosea. Akaniangalia kwa mara ya kwanza machoni. "Unataka niache dawa, Aruna anikimbie, ubakie peke yako. Mama mukwe alisha kunionya."

Nilimwambia Aruna. Alimwuliza mbele yangu, Feza akaapa kwamba hatumii kitu. Aruna alifungua sanduku kama ulivyoelekeza, na kopo halimo. Amelihamisha, sijui wapi, labda ardhini. Aruna alinitazama nikaona anachofikiri. Mke mkubwa ana wivu. Nilimwonyesha barua yako, mistari ile ya unga tu. Akasema, "Barua ni ya shangazi yako. Kila mutu anaweza andika." Sylvie wa Keshero alikubali kuja mpaka nyumbani, akaketi naye saa nzima. Feza alimpa chai na hakumwambia neno.

Anayemwamini ni wewe peke yako. Wewe ndiye uliyemfungia chumbani siku tano, ukamwogesha, ukamlisha kwa mkono. Maneno yangu kwake ni ya mke mwenza, ya muuguzi ni ya mtu wa nje, ya Aruna ni ya mwanamume anayepaswa kudanganywa kwa heshima. Umemfunda vizuri mno.

Kwa hiyo usiniandikie mimi tena. Mwandikie yeye, kwa mwandiko wako anaoujua, au panda gari uje na kiuno chako hicho hicho. Mwambie uliyoniambia mimi, na ya Mzee Useni usiyaruke, ndiyo atakayoyaamini. Nimekuhesabia: barua ikienda haraka ni wiki nne kufika, na jibu wiki tano kurudi. Asubuhi ya leo ameweka tena.

Jamila